Bahari ya Lita 200: Maji ya Tangi la Matumbawe Mtwara

Mtu wa Mtwara akisema anataka kufuga matumbawe ndani ya tangi la kioo, huambiwa hapo hapo kwamba kazi ni ndogo: chukua dumu, shuka pwani, teka maji. Bahari kweli iko hapo. Lakini maji ya pwani yetu hayafanani Januari na Julai, hayafanani Shangani na Msanga Mkuu, na hata mahali pamoja hayafanani yakiwa yanajaa na yakiwa yanapwa. Anayeteka bila kujua hayo hujaza ndani ya kioo shida ambayo haitaonekana mpaka wiki tatu au nne zipite.

Tumbawe huvumilia namba iliyo kando kidogo, mradi isitembetembee. Lililozoea nyuzi 28 litakua kwa nyuzi 28. Lililorushwa kutoka 26 asubuhi hadi 30 jioni, kila siku, litaanza kufunga vinywa vyake na kupauka. Karibu kila kinachoelezwa hapa ni njia ya kuyafanya maji yatulie, kwa sababu lita 200 hazina ukubwa wa kusamehe.

Tuanze na hizo lita zenyewe. Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 45 linahesabika lita 225, lakini ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, maji halisi huwa pungufu sana ya hapo. Siku ya kulijaza, hesabu madumu na uandike. Kila kipimo cha dawa au kirutubisho kitategemea namba hiyo, na wengi huzidisha dozi kwa sababu walihesabu kioo badala ya maji.

Kuteka

Wavuvi wanajua siku za maji maangavu na siku za maji machafu, na mfugaji wa matumbawe afuate kalenda yao. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mbali na kujaa kwa nguvu, na mkondo huchimbua tope. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hutulia na takataka hushuka chini. Teka siku hizo, ikiwa imebaki kama saa moja maji yajae kabisa, kwa kuwa wakati huo maji ya nje ya mwamba yameshasukumwa hadi ufukweni. Maji yanayopwa yanatoka kwenye mikoko, mitaro na mabwawa ya tope, na yanashuka na vyote vilivyoko huko.

Upande wa Msanga Mkuu unaotazama bahari kuu ni bora kuliko ndani ya ghuba ya Mtwara yenye bandari, na bora kuliko ghuba ya Mikindani yenye mikoko na makazi pembeni. Aliyeko Lindi akae mbali na mdomo wa Lukuledi. Msimbati maji yanapendeza macho, lakini huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Usitoe kitu huko kabla ya kuuliza ofisi ya hifadhi, na tumbawe hai usiling'oe popote pale. Miamba ya pwani hii imepigwa baruti kwa miaka mingi na ikapauka kwa joto la mwaka 1998. Matumbawe ya tangini yawe ya vipandikizi vilivyokuzwa na wafugaji, yakiwa na vibali vyake, kwani matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hapo ndipo watu wengi huharibikiwa. Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Baada ya mvua kubwa, maji ya ufukweni yanaweza kusoma 31 huku yakionekana safi kabisa. Mtu anabadilisha asilimia 10 kila wiki kwa maji hayo, na wiki ya kwanza tangi linashuka kwa 0.4 tu, haoni tatizo. Wiki ya 10 liko karibu 32.4. Ukikuta 31, ongeza chumvi maalumu ya matangi, gramu 4 na kidogo kwa kila lita, yaani zaidi kidogo ya gramu 80 kwa dumu la lita 20. Acha pampu izungushe usiku kucha, kisha pima tena.

Dumu liwe la maji tangu kiwandani. Lililowahi kubeba mafuta ya kupikia au dizeli halisafishiki, hata ulisugue kwa mchanga na sabuni mara ngapi. Chuja maji kwa kitambaa kizito cha pamba, halafu chagua moja kati ya mawili: yatumie ndani ya saa 24, au yafungie gizani kwa wiki mbili huku pampu ya hewa ikifanya kazi. Ukiyaacha siku tatu au nne kwenye dumu lililofungwa, viumbe vidogo vilivyomo hufa na kuoza, na unachomimina tangini siku ya nne ni mchuzi.

Swali linalorudi kila mara: kwa nini tusitumie chumvi ya hapa hapa, nasi tuna mashamba ya chumvi Lindi na Mtwara? Jibu liko kwenye jaruba lenyewe. Maji yanapokauka kwa jua, chokaa na jasi hutangulia kushika chini. Chumvi ya kawaida hufuata, ndiyo inayokusanywa. Magnesi na potasi hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Kwa hiyo gunia la chumvi ni karibu kloridi ya sodiamu tupu, na ukiiyeyusha upya hupati bahari. Kalsiamu iliishia jaruba moja, magnesi ikamwagwa jaruba jingine.

Chumvi ya kawaida ina kazi moja nzuri, nayo ni kusahihisha rifraktometa, kifaa cha kupimia chumvi ya maji kwa mwanga. Kausha chumvi safi ya mezani, pima gramu 36.5, iyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji yasiyo na madini. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya gramu 35. Dondosha tone kwenye kioo cha rifraktometa, subiri nusu dakika lipate joto la kifaa, zungusha skrubu mpaka msitari ukae kwenye 35. Kusahihisha kwa maji matamu peke yake hakutoshi: kifaa kinaweza kusoma sifuri vizuri na bado kikakosea mbili nzima ukifika 35.

Maji ya kujazia

Maji yanayokauka tangini huacha chumvi nyuma. Lita 4 zikipotea kwenye lita 200, kiwango kinatoka 35 hadi 35.7. Zikipotea siku mbili mfululizo bila kujazwa, uko karibu 36.5. Weka alama kwa utepe kwenye kioo cha tangi la chini, lile dogo la kuchujia lililounganishwa na tangi kuu, na kila asubuhi jaza hadi hapo kwa maji matamu, kamwe yasiwe ya bahari. Ukungu mweupe wa chumvi unaoganda ukingoni mwa kioo nao ni chumvi iliyotoka majini. Ufute kwa kitambaa chenye maji hayo hayo, usiukwangue urudi ndani kwa mafungu.

Maji matamu gani? Ya bomba na ya kisima hapa ni magumu, na mengine yana nitreti au klorini. Chombo cha kuchuja cha RO, kinachopitisha maji kwenye utando unaozuia chumvi, chenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini ndicho sahihi, na mita ya TDS, inayopima vilivyoyeyuka majini, isome 0 au 1. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta huweza kufaa kama ni maji yaliyotoneshwa tu. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu moja nayo. Maji yanayodondoka kwenye AC yaache kabisa. Yanaonekana kama ya mvua, lakini yametiririka juu ya koili ambayo mara nyingi ina shaba, na shaba kidogo sana huua konokono, kamba na matumbawe. Shaba ikishaingia kwenye mawe, haitoki kirahisi.

Amonia, nitriti, nitreti

Mawe ya kuanzia si lazima yatoke baharini. Miamba ya tumbawe ya nchi kavu, ile iliyojengewa nyumba za zamani za Mikindani, ni kaboneti ya kalsiamu na ina matundu ya kutosha kukaa bakteria. Chukua yenye vibali vya machimbo, idondoshee siki nyeupe: ikichemka povu kote, ni chokaa. Sehemu isiyochemka, hasa yenye wekundu wa udongo, ipasue uitupe. Loweka mawe kwenye pipa la maji matamu wiki nne hadi sita ukibadilisha kila wiki, na kabla ya kuyaingiza pima fosfeti ya maji ya pipa. Ikiwa juu ya miligramu 0.1 kwa lita, endelea kuloweka.

Ndani ya tangi, bakteria wa kugeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitreti, huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Usitie samaki kabla amonia na nitriti hazijasoma sifuri siku saba mfululizo. Watu huogopa nitriti kuliko inavyostahili, kwa kuwa kwenye maji ya chumvi haiwadhuru sana samaki. Ila ikiwepo inadanganya kipimo cha nitreti na kukifanya kisome juu mno. Pima nitriti kwanza, ndipo uamini nitreti. Amonia ni jambo tofauti: sumu yake huongezeka pH (kipimo cha asidi na besi ya maji) na joto vikipanda, na matangi ya huku yana vyote viwili.

Kwenye nitreti, hesabu ndogo inaokoa pesa nyingi. Tuseme chakula kinaongeza miligramu 4 kwa lita kila wiki, nawe unabadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Namba itapanda polepole hadi 40 na kukaa hapo, kwa sababu kwenye 40 ndipo asilimia 10 inapoondoa 4 kamili. Hata ubadilishe mwaka mzima, haitashuka. Punguza chakula nusu, itatulia kwenye 20. Lengo zuri ni 2 hadi 10, na fosfeti 0.03 hadi 0.1. Sifuri si ushindi: tumbawe linalokosa vyote viwili hupauka, na uteute wa kahawia au mweusi hupata nafasi ya kutanda juu ya mchanga.

Chakula kinachochafua kuliko vyote ni uduvi na dagaa wakavu wa sokoni, wanaotupwa tangini pamoja na vumbi lao. Waloweke dakika kumi, wakamue kwenye chujio, mwaga maji yake. Hata wa kugandishwa waoshwe.

Baada ya chakula, skima, yaani kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu. Anayetembea ufukweni wakati wa kusi ameliona povu la kahawia lililosukumwa na mawimbi; skima hufanya kazi ile ile ndani ya bomba. Uchafu hushikamana na viputo vidogo, hupanda na kumwagika kwenye kikombe. Majimaji ya kikombe yawe rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Yakiwa kama maji ya kunawia, punguza kimo cha maji ndani ya skima. Yakiwa lami kavu isiyoshuka, kiongeze. Shingo ya kikombe ifutwe kila siku tatu, kwani utando wa mafuta wa upana wa ukucha tu unatosha kuzuia povu kupanda.

Njia ninayoipenda zaidi kwa pwani hii ni mwani. Wakulima wa mwani wa Mtwara na Lindi wanaonyesha jinsi unavyonenepa kwa maji yanayopita tu. Weka fungu lake kwenye tangi la chini, taa iwake usiku wakati ya juu imezimwa, mkondo uwe wa kuuyumbisha bila kukoma. Kila wiki mbili vuna theluthi na uitoe nje: nitreti na fosfeti zimetoka pamoja nayo, na mwanga wa usiku huzuia pH isiporomoke alfajiri. Lakini wakulima pia wanaujua mwani unaogeuka mweupe na kulegea joto likizidi au chumvi ikishuka. Ukiona kipande cheupe laini, kikate siku hiyo hiyo. Mwani unaooza hurudisha majini kila ulichokula.

Chokaa

Matumbawe magumu hujenga mifupa kwa kalsiamu na kaboneti. Kaboneti hupimwa kwa KH, yaani ugumu wa kaboneti; iweke kati ya 7 na 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi 1250 hadi 1350. Kwa kila KH 2.8 inayoliwa, kalsiamu hushuka 20 tu, kwa hiyo KH ndiyo itakayoonyesha njaa kwanza. Tangi linalokula KH 0.5 kwa siku litatoka 8 hadi 3 ndani ya siku 10 kama hutarudishia.

Pima KH saa ile ile kila siku kwa wiki ya kwanza, na angalia bomba la sindano lisiwe na kiputo cha hewa kwenye ncha. Kiputo kimoja kinakudanganya. Ukishajua kiasi kinacholiwa, rudisha kiasi hicho kila siku. Beking soda safi ya kuokea, gramu 6, huinua lita 200 kwa KH 1. Iyeyushe kwenye lita moja ya maji matamu, imimine taratibu penye mkondo mkali, na usipandishe zaidi ya KH 1 kwa siku. Beking pauda haifai, ina asidi ndani yake. Magadi ya sokoni hayafai pia: yana udongo, floridi na mengine yasiyojulikana. Kupandisha kalsiamu kwa 20 kwenye lita 200, tumia gramu 15 za kloridi ya kalsiamu ile yenye maji ndani ya fuwele zake, na usiitie pamoja na soda. Zikikutana zikiwa nzito utaona wingu jeupe kama maziwa, na wingu hilo ni chokaa uliyoinunua ikishuka chini bure.

Wenye tangi la wastani wanaweza kumaliza kazi yote kwa maji ya chokaa. Gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu haidroksaidi ya daraja la chakula kwa lita ya maji ya kujazia, tikisa, funika, acha saa kadhaa mpaka weupe ushuke. Juu utaona ganda jembamba kama la uji uliopoa. Hilo ni chokaa iliyokutana na hewa, liache lilipo. Tumia maji maangavu ya katikati, yadondoke tone kwa tone usiku. Lita 2 kwa siku huongeza karibu KH 1.1 kwenye lita 200. Ukiyamimina kwa mkupuo, pH yake ya zaidi ya 12 itaunguza kila kilicho karibu. Chokaa ya kupaka ukuta haifai. Ya tanuu la pwani nayo, kwa miaka mingi, imechomwa kutokana na matumbawe yenyewe.

Joto, hewa na umeme

Kuanzia Januari hadi Machi chumba cha Mtwara kinaweza kukaa juu ya nyuzi 30 hadi usiku wa manane. Lenga 25 hadi 27, na 28 isikutie hofu ikitulia. Feni mbili ndogo za volti 12 zikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, pungufu zaidi siku za unyevu mzito wa kaskazi, na maji yatakauka haraka, kwa hiyo alama ya utepe iangaliwe mara mbili kwa siku. Chupa ya lita 1.5 ya barafu, ikiwa imefungwa vizuri, hushusha lita 200 kwa takriban nyuzi 0.8. Ni ya dharura, na iwe moja moja.

Dawa ya mbu ya kupuliza imeua matangi mazima. Viambata vyake huua kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana, na pampu ya hewa huivuta chumbani na kuisukuma majini. Siku ya kupuliza, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa plastiki, acha pampu za maji ziendelee, na fungua madirisha saa mbili kabla ya kufunua. Msimu wa kupulizia mikorosho, nyumba zilizo karibu na mashamba zifanye hivyo pia. Vumbi la salfa inayopulizwa mikorosho likitua majini, bakteria huligeuza asidi polepole na KH huanza kushuka bila sababu unayoiona. Mifuko ya salfa isiwekwe chumba kimoja na tangi.

Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza ni oksijeni, kabla ya joto na kabla ya amonia. Kuwa na pampu ya hewa ya volti 12 iliyofungwa kwenye betri ya sola, jiwe lake la kutoa viputo likiwa tayari ndani ya tangi. Usilishe. Kama huna pampu, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, dakika mbili kila robo saa. Inachosha, lakini inaokoa. Tazama samaki: wakipanda juu kuhema, umechelewa kidogo. Kichujio cha kopo kilichofungwa, kikizimika zaidi ya saa mbili au tatu, bakteria wake humaliza hewa na kuanza kufa. Umeme ukirudi, kiache kimezimwa. Kifungue kwenye ndoo na unuse kwanza. Ukipata harufu ya yai bovu, mwaga maji yote yaliyomo nje ya nyumba, suuza vichujio kwa maji ya bahari, ndipo ukiwashe.